Kurasa Nne Kutoka Kampala Hadi Karuma

Kila aliyeusoma mswada ule wa riwaya ya safari, mzee na binti yake wakienda kwa pikapu kutoka Busia, mpakani na Kenya, hadi Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, anarudi na sifa ileile: unakimbia. Mmoja aliufungua baada ya magharibi, na kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa ameshaufunga. Mwingine anausifu kwamba haukumpa nafasi hata ya kuchemsha chai. Sifa hizo zimemfikia mwandishi, kijana wetu, na sasa anataka kuupeleka kwa mchapishaji kama ulivyo. Naomba asiupeleke bado. Ana kipaji, na riwaya za Kiswahili zinazopita katika barabara zetu za Uganda ni chache mno kwa hii moja kuachwa iharibike kwa kosa linalorekebishika. Ni kweli mswada unakimbia, lakini unakimbia palepale palipotaka mwendo wa pole, kisha unasimama katikati ya daraja ambako hakuna dereva anayesimama.

Hesabu yangu ni hii, na mwenye nakala anaweza kuirudia. Mswada una kurasa 240. Katika kurasa 58 za kwanza pikapu bado iko uani, Busia. Busia hadi Kampala ni kurasa 36. Kampala, nyumbani kwa shemeji, ni kurasa 56. Kampala hadi Karuma, penye daraja la Nile upande wa kaskazini, ni kurasa 4. Pikapu inachemka Karuma kwa kurasa 8. Karuma hadi Arua ni kurasa 4 tena. Zilizobaki, kurasa 74, ziko Arua. Ukijumlisha barabara yote, pamoja na kule kuchemka, unapata kurasa 52. Yaani katika kurasa 188 za riwaya ya safari hakuna anayesafiri.

Sisemi kila kilomita ipewe ukurasa wake. Hakuna anayetaka kusoma kitabu cha namna hiyo. Lakini kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500, siku nzima ndani ya gari bovu lenye mzigo wa mashine ya posho, na mwandishi ametupa siku hiyo kwa kurasa 8 ukiondoa zile za kuchemka. Wanatoka Kawempe, ukingoni mwa Kampala, asubuhi, na aya inayofuata jua liko utosini na nyani wa Karuma wamekaa kando ya lami. Nimesikia watetezi wakisema barabara ile haina kitu, ni kichaka tu na jua. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, kwa sababu barabara ile ndiyo riwaya yenyewe.

Ukitoka Kawempe unafika Bombo, mji wa kambi na wa Wanubi, ambako mzee mwenye asili ya West Nile, yaani upande wa Arua, anaweza kutoa salamu kwa Kiswahili au Kinubi akajibiwa kabla hajazima injini. Baada ya Bombo ni Wobulenzi, halafu Luweero, na mananasi yamepangwa marundo kando ya barabara. Sasa mwandishi mwenyewe, ukurasa wa 23, ametuambia kwamba mzee alikuwa kijana mwaka 1979, Idi Amin alipoangushwa, na kwamba watu wake walivuka mpaka kuokoa maisha. Mtu wa umri huo na wa asili hiyo hapiti Luweero akiwa anapiga mluzi. Vita vya msituni vya 1981 hadi 1986, kati ya waasi wa Museveni na serikali, vilizika watu wengi katika ardhi ile, na kila familia, iwe ya kule kusini au ya West Nile, ina lake la kunyamazia. Mzee hahitaji kuhutubia. Apunguze gia mahali ambapo barabara ni nyeupe na haina tuta wala gari mbele. Binti aone amepunguza, asijue kwa nini, aogope kuuliza, na ununuzi wa nanasi moja uchukue muda mrefu kuliko unavyostahili. Hiyo ni nusu ukurasa, na kimya chake kingewabeba hadi Migyera.

Halafu kuna Karuma. Katika miaka ya vita vya kaskazini, vya waasi wa LRA, magari ya kwenda West Nile yalikuwa yakisubiriana pale hadi yawe mengi, kisha yanaondoka kwa msafara chini ya ulinzi wa wanajeshi. Kati ya Karuma na Pakwach dereva hakusimama, hata abiria alie haja. Tumeambiwa kwamba mzee ni dereva wa zamani wa njia hiyo. Kwa hiyo mguu wake unajua mambo mawili ambayo mswada haujui: kusubiri sana Karuma, na kukanyaga mafuta ukishavuka. Nazikubali kurasa nne za mbio baada ya Karuma, tena ningezitaka ziwe tatu, kama zingekuwa mbio za mguu huo, binti akimwomba baba asimame kidogo na baba hasimami, na ni hadi Pakwach ndipo anapogundua kwamba vita viliisha zamani na amemtesa mtoto bure. Katika riwaya ya safari, mbio zitoke barabarani. Msomaji akihisi zimetoka kwa mwandishi aliyechoka, safari imekufa.

Mfaransa Gérard Genette, katika uchambuzi wake wa mwaka 1972, alizigawa kasi za simulizi mafungu manne, na ni kipimo kinachofaa sana kazi hii. Kuna mruko, saa zinapita bila neno. Kuna muhtasari, saa kadhaa ndani ya mistari michache. Kuna onyesho, watu wanazungumza na muda wa kusoma unakaribia muda wa tukio. Na kuna kituo, maneno yanaendelea huku saa ya hadithi imesimama. Chukua kalamu nne za rangi upake kurasa 52 za barabara. Nimefanya hivyo, na rangi zilizotawala ni mbili tu, mruko na kituo. Gari linatoweka hapa na kuibuka kule, na likiibuka linaganda ili mtu akumbuke. Muhtasari na onyesho, ambazo ndizo chakula cha safari, ni mistari ya kuokoteza. Ndiyo maana msomaji anahisi mbio, akifika mwisho hakumbuki alipopita.

Vituo hivyo ndivyo vinavyonisikitisha zaidi, kwa sababu vimeandikwa vizuri na vimewekwa vibaya. Katika zile kurasa 36 za Busia hadi Kampala, 22 ni kumbukumbu. Tazama ile ya Jinja. Pikapu inaingia kwenye daraja jipya la Nile, binti anaona maji, anakumbuka mama yake akifua, anakumbuka ugomvi wa shangazi, anakumbuka shule, kurasa tano nzima, kisha tunarudishwa na pikapu bado iko darajani. Daraja lile, lililofunguliwa Oktoba 2018, lina urefu wa mita 525. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unalivuka ndani ya sekunde 40, na hapo si mahali pa kuegesha. Kurasa tano za mswada ni dakika kumi za kusoma kwa msomaji wa kawaida. Katika dakika kumi, kwa kilomita 60 kwa saa, gari limeshakwenda kilomita kumi, limeiacha Njeru nyuma na linaelekea msitu wa Mabira. Msomaji hapigi hesabu hizo, lakini mwili wake unazijua. Anahisi gari la karatasi.

Dawa yake ni rahisi, na mwandishi anaweza kuianza leo jioni. Kwa kila kumbukumbu, pembeni mwa ukurasa andika gari liko wapi inapoanza, kwa mwendo gani, na inachukua kurasa ngapi. Zidisha kurasa kwa dakika mbili, geuza dakika kuwa kilomita. Kumbukumbu ikiisha, mrudishe msomaji mahali papya: maji yamepotea, miti ya Mabira imefunika jua, binti hakuona Njeru ilipopita. Kule kutoona ndiko kunakomwambia msomaji kwamba binti alikuwa mbali. Na kama kumbukumbu ni ndefu kuliko kipande cha barabara, ivunje. Nusu ianzie Jinja, tuta au trafiki au mwuza kuku aikate, nusu ya pili irudi wakiwa Lugazi kwenye mashamba ya miwa. Mawazo ya mtu aliye safarini hukatwakatwa hivyo, na kila mkato unamwongezea msomaji hamu ya kujua.

Maongezi ya garini nayo yana umbo lake. Wawili hawa wamekaa ubavu kwa ubavu, wote wanatazama mbele, hakuna anayeuona uso wa mwenzake. Ndiyo maana mambo mazito husemwa garini: mtu anakiri akiwa anatazama lori lililo mbele. Mwandishi amewafanya wageukiane na kutazamana machoni kama walio sebuleni, na dereva akiwa kwenye usukani! Toa hayo macho. Weka mikono, weka kioo cha pembeni, weka jibu linalochelewa kwa sababu mzee analipita lori la makaa pale Nakasongola.

Sasa Karuma, na kuchemka kwa gari. Hizi kurasa 8 ndizo zilizonifanya niandike. Mshale wa joto unapanda, moshi wa maji unatoka, mzee anaegesha, anafungua mfuniko wa rejeta, anamimina jerikeni la maji, wanaondoka. Kazi yote ina mistari sita. Kurasa nyingine zote ni binti akimkumbuka mama, tena kwa kituo.

Aliyewahi kusimama kando ya gari lililochemka atakwambia mzee huyu angekuwa hospitali. Maji ya rejeta yamefungiwa kwa mgandamizo. Mfuniko unayabana ili yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Ukiufungua yakiwa ya moto, mgandamizo unaachia kwa ghafla na maji yanaruka usoni na mikononi yakiwa mvuke. Na ukimimina maji baridi kwenye injini iliyochemka, silinda hedi inaweza kupasuka au kupinda, gasketi inaungua, na safari inaishia hapo: moshi mweupe nyuma, oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Dereva mzoefu, na huyu tumeambiwa ni mzoefu, anafanya hivi. Anaona mshale ukipanda, anawasha hita hadi mwisho ili ivute joto kutoka kwenye injini, huku wote wakitokwa jasho. Anatoka nje ya lami, anazima, anafungua boneti, na hagusi kitu. Anasubiri nusu saa, pengine dakika 45, mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kumchoma. Anafunika mfuniko kwa tambara nene, anauzungusha hadi kituo cha kwanza tu, unazomea, anasubiri uzomee mpaka umalize. Ndipo anauondoa, anawasha injini, anamimina kidogo kidogo. Wakati wote huo anatafuta chanzo, kwa sababu gari halichemki lenyewe: mpira umepasuka, mkanda wa feni umelegea, pampu inavuja, au matundu ya rejeta yamezibwa na mbegu za nyasi.

Umeona kilichotupwa? Dakika 45! Baba na binti ambao wamekwepana tangu Busia wamelazimishwa na chombo kibovu kukaa kando ya barabara bila usukani wa kujifichia. Nyani wanasogea wakitaka ndizi. Mabasi ya Arua yanapita na kutikisa pikapu. Mzee anaugusa mpira, anautoa mkono, bado. Binti anauliza swali la mama. Mzee anaugusa tena mpira, bado, kwa hiyo hana pa kukimbilia. Rejeta ndiyo inayoshika saa ya mazungumzo yao: kila mguso ni zamu ya kusema, na mfuniko unapozomea msomaji anajua kwamba muda wao unakwisha na jambo moja halijasemwa. Hilo ni onyesho, tena la kurasa 8 zilezile alizozitumia, bila kuongeza hata moja. Yote aliyoyaweka katika kumbukumbu ya binti yangeweza kutoka kinywani mwa mzee, vipande vipande, akiwa ameshika tambara.

Mengine nayapitia haraka. Pancha ya Iganga: nati hulegezwa kabla ya kupiga jeki, si baada, la sivyo gurudumu linazunguka hewani na spana inateleza. Wasafiri wanaotoka Busia hukutana na wachoma nyama wa Najjembe kwanza, ndipo Lugazi, ndipo Namawojjolo. Mswada umeupindua mpangilio huo. Pikapu imekwenda kilomita 700 bila kuingia kituo cha mafuta hata mara moja. Ikinywa lita 10 kwa kila kilomita 100, hizo ni lita 70, na mzee hana pesa hiyo mfukoni tukikumbuka ukurasa wa 41. Hizo ni nafasi mbili au tatu za kusimama kwa sababu, na zote zimeachwa.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba kurasa 58 za Busia zina kitu. Ile sehemu ya kufunga mzigo, mashine ya posho ikilazwa juu ya magunia, turubai likivutwa, kamba ikizungushwa kwenye ndoano na mzee akikataa fundo la tanboi, msaidizi wa dereva, na kulifungua upya, ni nzuri kupita chochote nilichosoma kwa Kiswahili mwaka huu. Inakwenda pole na haichoshi hata kidogo. Basi mwandishi anajua! Anajua kwamba kazi ya mikono ikielezwa kwa usahihi, msomaji haulizi saa. Kwa nini maarifa hayo yaliachwa uani Busia? Na Kampala kwa shemeji pia kumechangamka, ingawa kurasa 20 zingeweza kukatwa na zikapewa barabara ya kaskazini bila mtu kuzililia.

Anayeogopa kwamba barabara ndefu itachosha, na hofu hiyo naielewa, ana chombo ambacho nchi yetu imempa bure. Sikiliza salamu. Naluwerere, kwenye malori, ni Kiswahili. Iganga ni "Kodheyo". Mukono hadi Luweero ni "Gyebale ko". Bweyale wamechanganyika watu wa kila upande na Kiswahili kinarudi. Karuma ni "Apwoyo". Pakwach na Nebbi ni Kialur. Arua ni "Mi ngoni", na hapo mzee, ambaye kwa kurasa zote amekuwa mgeni wa lugha za watu, anajibu kwa yake. Redio ya gari inafanya vivyo hivyo: stesheni inakwaruza, inapotea, nyingine inaingia na lugha nyingine. Kwa salamu moja na mkwaruzo mmoja wa redio unavuka kilomita 80 ndani ya mistari minne, na msomaji anajua aliko. Huo ndio muhtasari ninaoulilia. Una haraka, na bado vumbi limo.

Halafu mto. Hili sikutaka kuliacha mwisho lakini ndilo kubwa kuliko yote. Njia hii inauvuka Nile mara tatu: Jinja, Karuma, Pakwach. Riwaya imewekewa mifupa yake na ramani, na mwandishi ameutumia mto mara moja tu, kwa kuganda juu ya daraja la kwanza. La pili ameliona kama mandhari ya kuchemka kwa gari, ingawa wasomaji wote wanakumbuka jinsi lilivyofungwa mwaka 2024 kwa matengenezo na magari yakazungushwa Masindi na Paraa. La tatu hakulitaja. Limemezwa ndani ya kurasa 163 hadi 166, kati ya sentensi mbili.

Kama ni mimi, Jinja ningeipa nusu ukurasa wa mwendo, binti anaona maji na yanapotea kabla hajasema. Karuma ningeipa kurasa zake nane za kusubiri, maji yakisikika chini wakati wote wa mazungumzo. Na Pakwach ningeipa mbili, kwa kuzitoa Kampala. Joto la Pakwach liingie dirishani kabla mji haujaonekana. Mzee, ambaye hajasimama tangu Karuma, avuke polepole, kisha ng'ambo, sokoni, aegeshe na kuzima injini bila gari kuwa na kasoro yoyote. Anunue samaki mkavu. Binti amwulize mto ule ni upi, ingawa ameuvuka mara tatu tangu jana na jina lake analijua.

Kurasa 163 hadi 166 ziandikwe upya kuanzia hapo.